Namna ya Kufungua na Kuhakiki Albamu ya K-pop ya Toleo la Deluxe

Albamu yangu ya kwanza ya K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, niliifungua usiku, juu ya kitanda, kwa kisu cha jikoni. Kisu kilipita kwenye selotepu, kikapita kwenye nailoni, kikaacha mchirizi mweupe wa urefu wa kidole juu ya jalada la kitabu cha picha, na mchirizi huo hadi leo unaonekana ukiligeuza jalada kuelekea kwenye mwanga. Nikiwa bado nimeshika kichwa, shangazi yangu alisimama mlangoni, akayatazama makaratasi, kadi na mabango yaliyotapakaa shukani, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, boksi lote hilo, muziki wenyewe uko wapi?" CD ilikuwa imelala chini kabisa ya boksi, na ukweli ni kwamba nilikuwa sijaikumbuka. Tangu siku hiyo, kila ninapohakiki toleo la Deluxe, yaani lile la bei kubwa lenye boksi na vitu vya ziada, swali la shangazi huwa mezani pamoja na wembe.

Kwa kuwa maelezo ya jumla hayamsaidii mtu aliyekwisha kushika wembe, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo, nao ni BE (Deluxe Edition) ya kundi la BTS, iliyotoka tarehe 20 Novemba 2020. Albamu hiyo ina vipande 8, kimoja kikiwa mazungumzo tu, na yote inakwisha kwa takriban dakika 28. Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Februari 2021, lilitoka toleo jingine lililoitwa Essential Edition, likiwa na vipande vilevile 8 ndani ya kifungashio chepesi zaidi. Mhakiki hawezi kupata mfano ulio wazi kuliko huo, maana muziki ni uleule, kwa hiyo fedha ya ziada iliyolipwa mwezi Novemba ilinunua boksi, karatasi na picha, na vitu hivyo vinapaswa kupimwa kama bidhaa, si kama mapenzi kwa kundi.

Kabla boksi halijafika

Uhakiki huanza siku ya kuagiza. Nenda kwenye ukurasa wa muuzaji, nakili orodha ya yaliyomo kama ilivyoandikwa, na uihifadhi kama picha ya skrini, kwa sababu kurasa hizo hubadilishwa au kuondolewa albamu inapokwisha sokoni. Kwa BE orodha ilikuwa na boksi la nje, kitabu cha picha, kitabu kinachoeleza utengenezaji wa albamu, fremu ya picha, kadi ya picha, kadi ya mtindo wa Polaroid (zile picha za kamera inayotoa picha papo hapo), bango lenye maneno ya nyimbo, bango la picha na CD yenyewe.

Unaponakili, tenganisha makundi matatu ambayo mashabiki wengi huyachanganya. Kundi la kwanza ni vitu vilivyomo ndani ya kila nakala iliyofungwa kiwandani. La pili ni zawadi ya walioagiza mapema, ambayo hutolewa hadi tarehe fulani au hadi zawadi ziishe. La tatu ni zawadi ya duka moja moja, yaani kadi au kitu kingine ambacho duka limekubaliana na kampuni kukitoa kwa wateja wake tu. Nimesoma malalamiko mengi ya watu waliodai kwamba albamu zao zimepungua, kumbe walikuwa wakitafuta zawadi ya duka ambalo hawakununua kwake. Angalia pia kama kitu kinatolewa kwa kubahatisha, maana hapo orodha inakuahidi kadi moja kati ya kadi kadhaa, na haikuahidi kadi ya mwimbaji unayempenda.

Andika na gharama zote: bei ya albamu, nauli, na kodi utakayotozwa mzigo ukiingia nchini. Boksi la Deluxe ni kubwa na zito, na wasafirishaji hutoza kwa uzito au kwa nafasi linayochukua, kwa hiyo si ajabu nauli ya kuja Dar es Salaam au Mombasa ikakaribia bei ya albamu. Uhakiki unaotaja bei ya Seoul peke yake humdanganya msomaji wa huku bila kukusudia.

Posta nako kuna jambo lake. Mzigo kutoka nje unaweza kufunguliwa mbele yako kwa ukaguzi wa forodha, na ukishafunguliwa huko, video yako ya nyumbani haiwezi tena kuonyesha boksi lilivyofika. Ndiyo maana ninashauri uombe ruhusa kwa adabu kabla ya kutia sahihi: "Shikamoo mama, naomba nipige picha boksi langu pande zote kabla halijafunguliwa." Wengi hukubali ukieleza kwamba ni ushahidi wa hali ya mzigo, asiyekubali usibishane naye, andika tu kwenye daftari lako pembe ipi imebonyea na selotepu ipi imekatwa na kubandikwa upya.

Meza, mwanga na sauti

Maduka mengi yanayouza albamu za Korea kwa njia ya mtandao hayapokei dai la kitu kilichopungua au kilichoharibika bila video ya ufunguaji ambayo haikukatwa, inayoanza na boksi likiwa bado limefungwa. Kwa sababu hiyo, hata kama huna mpango wa kumwonyesha mtu yeyote, rekodi kwa mfululizo mmoja. Anza kwa kuonyesha pande sita za boksi la usafirishaji, lakini funika jina lako kamili, namba ya simu na sanduku la posta kwa kipande cha karatasi utakapokuwa unatengeneza nakala ya kutazamwa na watu wengine. Nakala isiyofunikwa ibaki kwako kwa ajili ya madai.

Simu inatosha. Ifunge kwenye stendi ikitazama chini, au iegemeze juu ya mrundo wa vitabu, ili mikono yote miwili iwe huru. Meza iwe safi na kavu, na itandikwe kitambaa cha rangi moja isiyong'aa. Shuka jeupe au la kijivu linafaa, lakini kanga haifai hata kidogo, kwanza kwa sababu rangi zake huakisi kwenye karatasi nyeupe za kitabu, na pili kwa sababu kanga ina maneno yake, na mtazamaji atayasoma hayo badala ya kuitazama albamu yako.

Mwanga ulio bora ni wa dirishani asubuhi au alasiri, ukitokea upande. Ukiweka taa juu kabisa, karatasi inayong'aa itarudisha duara jeupe kwenye kamera na uso wa mwimbaji utapotea humo. Ukilazimika kutumia taa ya umeme, kumbuka kwamba umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo baadhi ya balbu za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo jicho halilioni ila kamera inaliona kama mistari myeusi inayopanda na kushuka. Dawa yake ni kuchagua hezi 50 kwenye mipangilio ya kamera kama ipo, au kurekodi picha 25 kwa sekunde. Niliwahi kurekodi dakika arobaini nzima zenye mistari hiyo kabla sijajua sababu, nikamlaumu bure aliyeniuzia simu.

Kuhusu sauti, zima pangaboi. Joto utalivumilia kwa nusu saa, lakini mvumo wake hufunika sauti ndogo ambazo mtu anayefikiria kununua anataka kuzisikia, kama vile mfuniko wa boksi unavyoteleza, au kurasa zinavyofunguka kwa mara ya kwanza. Usiweke nyimbo za albamu nyuma ya video. YouTube ina mfumo unaotambua rekodi zenye hakimiliki wenyewe, na video yako inaweza kuzuiwa au mapato yake kwenda kwa mwenye wimbo. Zungumzia muziki kwa maneno yako.

Kukata na kutoa

Nawa mikono na uikaushe vizuri, wala usipake mafuta. Glovu za kitambaa sizipendekezi, kwa kuwa huteleza na kunasa kwenye pembe za kadi. Boksi la usafirishaji likate kwa wembe uliotolewa ncha kidogo tu, milimita chache, na ukate pembeni ya selotepu, si katikati, kwa sababu katikati ndipo mfuniko wa boksi unapoachana na chini yake pana albamu. Ukiondoa nailoni ya mapovu, iweke kando bila kuitupa: kadi nyembamba huweza kujificha ndani ya mikunjo yake, hasa zawadi za duka, ambazo hazimo ndani ya albamu iliyofungwa kiwandani.

Sasa upo mbele ya albamu yenyewe, nayo imevaa nailoni nyembamba iliyobana. Usikimbilie kuichana. Igeuze pole pole mbele ya kamera na usome stika zake, kwa sababu stika hutaja toleo, na mara nyingi utakuta pia stika ndogo yenye kumetameta ya chama cha hakimiliki za muziki cha Korea, KOMCA, ambayo ni mojawapo ya dalili za nakala halali. Ukipenda kuitunza stika iliyobandikwa juu ya nailoni, kata nailoni kuizunguka. Tafuta mshono wa nailoni, ambao kwa kawaida uko nyuma au kwenye ukingo, uinue kwa ukucha, upenyeze ncha ya wembe kwenye upenyo huo ukielekeza makali nje, mbali na boksi. Mchirizi wa kitabu changu usingekuwepo kama ningejua jambo hili moja.

Boksi la Deluxe lenye mfuniko hubana kwa hewa. Usilivute kwa nguvu. Liinamishe, shika mfuniko kwa vidole vya mikono yote miwili, na uache sehemu ya chini ishuke kwa uzito wake hadi kwenye kiganja. Vitu vya ndani vitoe kimoja kimoja kwa mpangilio uliovikuta, kwa sababu mpangilio huo ni kauli ya waliotengeneza albamu kuhusu kipi kionekane kwanza. Kila unachokitoa kitaje, kiweke kushoto, na ukiwekee alama kwenye orodha yako. Kitabu cha picha kifungue kwa pembe ndogo tu, kurasa chache kutoka mbele kisha chache kutoka nyuma, ukielekea katikati, ili gundi ya mgongo izoee. Ukikilaza wazi katikati kwa mara ya kwanza, kinaweza kupasuka mgongo. Angalia kama picha inayovuka kurasa mbili imemezwa na mgongo, kama wino umekolea sawasawa, kama karatasi inapitisha picha ya upande wa pili, na kama kuna harufu kali ya wino. Hayo ndiyo mambo ambayo picha za matangazo hazimwonyeshi mnunuzi.

Kadi za picha

Hapa ndipo wengi hupiga kelele, na ndipo uhakiki mwingi hufia. Kadi ya picha ni karatasi ngumu yenye ukubwa wa kawaida wa milimita 55 kwa 85, na kwa baadhi ya mashabiki ndiyo sababu nzima ya kununua. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ila mhakiki ana wajibu wa kusema wazi kwamba kadi aliyoipata ni bahati yake, wala si sifa ya albamu.

Tufanye hesabu. Chukua albamu ya kundi la watu 7 yenye kadi moja ya kubahatisha, na tuseme kila kadi ina nafasi sawa. Nafasi ya kumpata umpendaye katika nakala moja ni 1 kati ya 7. Ukitaka kadi zote 7 kwa kununua tu, bila kubadilishana na mtu, kwa wastani utahitaji nakala 18 hivi, kwa sababu kadiri mkusanyiko unavyokaribia kutimia ndivyo unavyopata zaidi kadi ambazo tayari unazo. Ile ya mwisho peke yake hudai wastani wa nakala 7. Ninapoandika uhakiki huiweka hesabu hii karibu na bei, na msomaji akaamua mwenyewe. Mashabiki wa huku waliojipanga vizuri hununua nakala moja na kubadilishana kadi wao kwa wao, na wapo mashabiki duniani, kama wa Kpop4Planet, kampeni ya mazingira ya mashabiki wa K-pop iliyoanzishwa mwaka 2021, wanaoilaumu biashara hii kwa plastiki na nakala zinazonunuliwa kisha kutupwa. Mhakiki anayeficha kwamba alinunua nakala kumi ili apate kadi moja anaonyesha albamu ambayo haipo.

Mbele ya kamera shika kadi kwa kingo, iinamishe kulia na kushoto ili mikwaruzo ionekane, kisha iingize kwenye mfuko wake papo hapo. Chagua mfuko wa plastiki aina ya polipropilini, usio na plastiki aina ya PVC, kwa kuwa PVC laini hutoa kemikali taratibu na kuifanya kadi inate.

Muziki wenyewe

Turudi kwa shangazi. CD ishikwe kwa ukingo na tundu la katikati, itazamwe upande wa chini chini ya mwanga wa kuinamia, na ikiwa na vumbi ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Kisha ipigwe. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingiza CD, lakini magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani yana redio yenye CD, na mimi albamu zangu nimezisikiliza zaidi ndani ya gari la mjomba lililoegeshwa chini ya mwembe kuliko mahali pengine popote. Sikiliza mara moja bila kuandika chochote, kwa mpangilio wa albamu. Mara ya pili fungua maneno ya nyimbo. Mara ya tatu, siku nyingine, andika.

Swali kubwa la uhakiki wa Deluxe ni kama boksi na muziki vinazungumza. BE inajibu vizuri. Albamu ilitengenezwa wakati wa janga la UVIKO-19, kundi likiwa limekatiziwa ziara yake. Wanakundi walishiriki kazi za nyuma ya pazia, Jimin akisimamia upande wa muziki na V upande wa picha, na kwa picha za mmoja mmoja kila mwanakundi alipamba chumba chake mwenyewe. Kwa hiyo unapotoa fremu ya picha, kadi ya Polaroid na kitabu cha utengenezaji, unashika vitu vya nyumbani, vya mtu aliyefungiwa ndani, na wimbo wa kwanza, "Life Goes On", unasema jambo hilohilo kwa sauti ya chini. Wimbo huo ulianza moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, ukiwa wa kwanza ulioimbwa zaidi kwa Kikorea kufanya hivyo, na hakuna kelele ndani yake. Hata kile kipande cha mazungumzo, ambacho wengi hukiruka, kina kazi: ni wanakundi wakifurahia habari kwamba wimbo wao "Dynamite" umeshika nafasi hiyohiyo ya kwanza, na "Dynamite" ndiyo inayofunga albamu.

Lakini "Dynamite" ilikuwa imekwisha kutoka tarehe 21 Agosti 2020, na hapo mhakiki mwadilifu anapaswa kupunguza hesabu: aliyenunua boksi mwezi Novemba alipata nyimbo 6 mpya na mazungumzo. Kwangu mimi boksi linastahili bei kwa sababu ya kitabu cha utengenezaji, ambacho kinaongeza maarifa. Bango la kukunjwa halistahili, kwa kuwa mikunjo yake haitoki. Mwingine ataona kinyume, na ni haki yake, ilimradi nimemwonyesha nilichokipima.

Unapoandika hukumu, ipe sehemu mbili zisizochanganyika. Ya kwanza ni hali: kipi kilikuja, kipi kilipungua, pembe ipi ilibonyea, na kama kosa ni la usafirishaji au la kiwandani, maana kampuni haina hatia ya boksi lililokaliwa na mzigo mwingine njiani. Ya pili ni thamani, na humo taja jumla uliyolipa hadi mlangoni. Nyota tano sizitumii. Mtu mmoja akiipa albamu nyota tatu kwa ajili ya kadi na mwingine akaipa tatu kwa ajili ya nyimbo, msomaji hajui chochote.

Baada ya kurekodi

Pwani ina unyevu, na karatasi inayong'aa ikipata unyevu huku imebanwa, kurasa hushikana na picha hubanduka. Usirudishe kila kitu boksini siku hiyohiyo kama mvua inanyesha. Weka ndani pakiti mbili tatu za silika jeli, zile ndogo za kunyonya unyevu zinazopatikana kwenye maboksi ya viatu, kisha lisimamishe boksi kwenye kabati lisiloegemea ukuta wa nje, mbali na jua la dirishani. Mabango yazungushwe kwenye bomba la karatasi, uso wa picha ukiwa nje, wala yasibanwe.

Kisha weka tarehe kwenye kalenda ya simu, miezi minne mbele, na siku hiyo ulifungue tena boksi. Kitabu kimoja changu, si cha BE, kilikuwa kizuri siku ya kwanza. Nilipokifungua baada ya masika, kurasa mbili za katikati zilitoa mlio wa selotepu zikiachana, na kwenye shavu la mwimbaji pakabaki doa jeupe la ukubwa wa punje ya mchele. Nilirudi kwenye uhakiki wangu nikaongeza mstari mmoja unaotaja tarehe, unyevu na doa hilo, na mstari huo ndio unaoulizwa zaidi na wasomaji wa Tanga na Zanzibar.